Kona ya Maboga

Mama yangu alikuwa akichuma mboga akiwa amekaa. Goti lake la kushoto lilikataa kukunjika tangu mwaka tuliovuka mpaka kutoka Kongo, kwa hiyo alikuwa na kigoda cha miguu mitatu. Kila asubuhi, kabla ya chai, alikibeba hadi kwenye kona iliyo nyuma ya jikoni, akakikita katikati ya majani ya maboga na kuanza kuchuma yaliyo karibu na mkono. Akimaliza upande mmoja aligeuka hapo hapo alipo, bila kuhama. Kigoda kilikuwa na mahali pake, na miguu yake mitatu ilikuwa imekwisha kuchimba vijishimo vitatu ardhini.

Kiwanja chetu kiko Misiera, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, hatua chache kutoka madukani. Tuliachiwa na jirani, mwanamke wa kwetu ambaye mimi humwita yaya, yaani dada mkubwa, kwa sababu amenizidi umri. Familia yake ilipopata safari ya kwenda kuishi nchi ya baridi, alitaka nyumba ishikwe na watu anaowajua. Alituonyesha bati linalovuja, mlango unaohitaji kupigwa teke na choo kipya kando ya ua. Alikuwa na haraka, ndege haimngoji mtu, na mengine alisema atatuambia kwa simu.

Siku tuliyohamia, Mama alizunguka kiwanja mara moja tu. Alipofika nyuma ya jikoni alisimama, akachokonoa udongo kwa kidole cha mguu.

"Hapa," akasema. "Fasi hii iko na nguvu."

Mimi nilitaka bustani iwe mbele, penye jua. Nikabisha, maana mimi kubisha sihitaji kuombwa. Mama aliinua midomo kidogo kama anazuia kicheko, akaenda kutafuta jembe. Nilidhani ni ukaidi wa utu uzima.

Tulipanda mvua za Septemba zilipoanza. Kwenye kona aliweka maboga, lengalenga na ntole, zile bilinganya nyeupe ndogo chungu ambazo mtu wa kwetu akizikosa wiki mbili huona kama hajala. Nyanya na vitunguu alivipanda mbele, kwenye vumbi la pikipiki, ambako vilidumaa. Nilimuuliza kwa nini asivihamishie kwenye udongo mzuri. Akasema kona ni ya vitu vya kuchemsha. Nikajua ni mambo ya bibi yake, maana Mama ana mambo mengi ya bibi yake, nikaacha.

Lakini kona ile! Majani ya maboga yalikuwa mapana kiasi cha kufunika sinia. Jumamosi nilipofika nyumbani kutoka Mbarara, ninakoshona nguo, tulikaa mlangoni tukimenya nyuzi za majani, yeye akisimulia habari za jirani, mimi nikisema uongo mdogo mdogo kuhusu jinsi ninavyokula vizuri mjini. Kisha aliyapika na karanga za kutwanga hadi mchuzi ukawa mzito. Lengalenga aliikaanga na mawese. Nilikula mpaka nikafungua kamba ya sketi. Sijui kama tangu tuingie Uganda nilikuwa nimemwona Mama akitazama kitu kwa kiburi namna ile, akisimama na mikono kiunoni na kusema, "Nani alisema tutakufa njaa?"

Jumapili nilirudi mjini na mfuko umejaa mboga. Basi dogo lilipofika Masha na kusimama ng'ombe wapite, abiria walikuwa wakinusa na kuniuliza kama ninauza. Sikuwa nauza. Zilikuwa za hajati, mwenye duka ninaloshonea, ambaye pia amenipangisha chumba nyuma ya nyumba yake mlimani Kamukuzi. Mwezi wa Ramadhani alikuwa akipika mboga za Mama kwa futari na kugawa hadi kwa mashemeji.

"Banange, nyabo, hii dodo yenu," alikuwa akisema, dodo ndiyo lengalenga kwa lugha ya huku. "Mama yako anaweka nini kwa hii shamba?"

"Mikono yake tu, hajati," nikajibu, nikajiona.

Ukame wa Juni ulipokuja bustani za watu zilibaki vijiti. Kona yetu haikujali. Mama aliimwagia maji ya kuoshea vyombo na ya kufulia, na ardhi ikayameza yote kabla hajageuka. Hata dimbwi halikusimama.

"Inakunywa sawa ngombe," alisema, akacheka.

Nilicheka naye. Ila niliona kwamba mchwa walikuwa wamejenga njia zao za udongo kutoka ukuta wa jikoni hadi kwenye kona, nyingi, na zote zikiishia chini ya maboga. Nikajiambia mchwa ni mchwa.

Miezi ilizunguka. Tulipanda tena Septemba, tukala Krismasi. Ilikuwa Februari, adhuhuri, niko kwenye cherehani na sare ya shule mkononi, yaya akapiga simu. Tuliongea habari za theluji na watoto wake. Kisha akasema, kama mtu aliyekumbuka sufuria jikoni:

"Ile shimo ya zamani nyuma ya jikoni, mulishaka kuijaza?"

"Shimo gani, yaya?"

"Ya choo. Ile ya kwanza, yenye ilijaa. Ndege ilikuwa imefika, tuliwekaka miti juu, na udongo kidogo. Baba ya batoto alisema ataitafutia mawe, hakupata nafasi. Uchafu ulishaka kushuka, chini haiko kitu, mudogo wangu, iko hewa. Na ile miti ni ya kalitusi, muchwa inaipenda. Musikanyage pale."

Nilimwambia sawa, yaya. Nikakata simu, nikamaliza mshono niliokuwa nimeuanza.

Nataka kusema ukweli kuhusu saa ile, kwa kuwa sijausema popote. Jambo la kwanza nililolihisi halikuwa hofu kwa ajili ya Mama. Lilikuwa aibu. Niliona sinia la hajati, mashemeji wakichovya, vidole vyake vilivyooshwa kwa swala vikiinua mboga iliyoota juu ya kinyesi cha watu. Niliona sura yake akiambiwa. Nilimwona Mama akiambiwa, na Mama si mtu wa kuficha. Angezunguka Misiera yote kuwaomba radhi waliowahi kula kwake. Kile kiburi cha mikono kiunoni kingekwisha siku hiyo. Goti na kigoda nilivikumbuka baadaye, nikiwa nimelala kitandani, na hapo ndipo hofu ilipokuja.

Basi nikatafuta njia ya kumwondoa pale bila kumwambia. Jumamosi iliyofuata nilianza na jua. Mama, mboga zihamie mbele, kuna jua zuri.

"Mbele kuko vumbi."

Nikaja na nyoka. Nikasema nimesikia majani mazito ya maboga yanavuta nyoka. Akasema ameishi na nyoka miaka mingi kuliko alivyoishi na mimi. Nikamwomba angalau asikae, achume akiwa amesimama pembeni.

"Nisimame na hii goti?" akaniangalia. "Wewe uko na nini na kona yangu?"

Nilikuwa na neno moja tu la kusema. Nikaenda kuosha vyombo.

Mvua za Machi zilishuka kwa hasira. Kila Jumamosi nilipofika, kabla hata ya kumsalimu Mama vizuri, nilikwenda nyuma ya jikoni kuangalia. Hapo mwanzo kona ilikuwa imeinuka kidogo kuliko kizingiti. Sasa ilikuwa sawa nacho. Wiki iliyofuata ilikuwa chini yake, kama sahani. Maji ya mvua yalikusanyika hapo, na Mama alifurahi kwamba hana haja ya kumwagilia. Niliyatazama yakizunguka polepole upande mmoja na kutoweka, na yalipotoweka nilisikia chini kabisa yakidondoka juu ya maji mengine.

"Umesikia?" nilimuuliza.

"Nini?"

"Hapana. Nilidhani ni mtu anaita."

Maboga hayakuwahi kuwa mazuri kama msimu ule. Yalipanda juu ya paa la jikoni.

Jumamosi ya mwisho niliokota ufito, nikauchomeka pale kilipokuwa kigoda. Ulizama hadi kifundo cha mkono wangu bila kugusa kitu, na nilipouchomoa upepo wa baridi wenye harufu ukatoka. Nikapiga moyo konde. Nikaenda jikoni, nimeshika ufito wenyewe kama ushahidi, na kinywa changu kilikuwa kimefunguka. Mama alikuwa ameinamia sufuria. Aligeuka na kunyoosha mwiko.

"Onja kwanza. Nimeweka ntole mingi, sawa unapenda."

Nikaonja. Kisha nikakaa nikala, sahani mbili, ufito umelala kando ya mguu wangu. Zilikuwa tamu sana. Niliapa moyoni kwamba nitamwambia Jumamosi ijayo, nikiwa nimetafuta vijana wa kujaza mawe ili habari mbaya ije pamoja na dawa yake. Lakini muhula wa shule ulikuwa unafunguliwa, sare zilikuwa zimerundikana, hajati akaniomba nisiende wiki ile. Nilikubali haraka kuliko ilivyopasa. Naam, nilifurahi kupata sababu.

Jumanne asubuhi simu ilitoka kwa jirani wa Misiera. Mama ameanguka. Ardhi imefunguka chini yake, na kigoda, na maboga yote. Aliita kwa muda mrefu kabla mtu hajasikia, na wanaume walimtoa kwa kamba na ngazi. Yuko hai. Wanamleta hospitali ya Mbarara. Niliteremka mlima wa Kamukuzi mbio, futi ya kupimia bado inaning'inia shingoni.

Nyonga ilikuwa imevunjika. Majirani walikuwa wamemwosha mara tatu kabla ya safari, kwa sabuni ya kufulia, na bado alinizuia nisimkumbatie. Alisema ananuka. Siku ya pili, baada ya sindano, uso ukamrudia kidogo. Hajati alikuwa amekuja na uji, ameketi upande wa pili wa kitanda. Mama akanishika mkono.

"Nikwambie kitu, usikasirike."

Nikamsogelea.

"Nilijuaka ni choo. Tangu siku ya kwanza, niliona ile udongo. Kwetu tunapandaka maboga juu ya choo ya zamani, na migomba. Bibi yangu alikuwa anafanya vile. Sikukuambia juu ungekataa kula, wewe na roho yako ya mujini." Akamgeukia hajati, macho yamejaa. "Na wewe, mama, unisamehe. Lakini kila kitu ya pale ilichemka."

Nilitaka ardhi ya Mbarara nayo ifunguke. Hajati akarekebisha mtandio wake.

"Hata kwetu kijijini wanafanya," akasema. "Mbolea ni mbolea. Kunywa uji, mama."

Ikawa ndiyo basi. Aibu niliyoilinda miezi mitatu ilikwisha kwa muda wa kijiko kimoja cha uji.

Mama alikuwa hajamaliza. Alikuwa akitazama dari, akitikisa kichwa taratibu.

"Lakini batu banajazaka," akasema. "Choo ikikwisha banatupa mawe, banatupa udongo mpaka juu, banashindilia. Kila mutu anajua vile. Nani angejua kama hii hawakujaza?" Akanigeukia. "Hein, mwanangu? Nani angejua?"

Hajati naye alinitazama, kwa huruma.

"Hakuna mtu angejua, Mama," nikasema.

Sasa Mama anaishi nami Kamukuzi. Anatembea kwa magongo, hatua chache, na madaktari wamesema zaidi ya hapo tusitarajie. Hajati ametupa ukanda wa ardhi kando ya ukuta, na Mama ananielekeza kutoka kwenye kiti: panda hapa, ng'oa pale, usinyunyize sana. Lengalenga inaota. Ni nyembamba, ya kawaida, tunaila. Mvua za Septemba zimeanza tena, na zinapopiga bati huwa anaacha kuongea mpaka zipungue.

Kuna jambo moja analoniomba kila siku, na halimtoki. Anataka nimpigie simu yaya. Hana nia ya kumtukana, anasema, amekwisha kumsamehe. Ana swali moja tu, anataka yaya alijibu kwa mdomo wake.

"Nimuulize tu kama alikosa mutu ya kumwambia."

Nimemwambia namba imepotea. Yaya anapiga karibu kila Jumapili, na simu yangu siku hizi haina sauti. Jana, Jumapili, nilitoka kuanika nguo nikaisahau mezani. Niliporudi, Mama alikuwa ameishika mkononi, anakitazama kioo kikiwaka na kuzima, na alikuwa akiuliza ni kitufe gani abonyeze.