Mafuta ya Miguu ya Kaka

Kila nikipita karibu na mashine ya kukamulia alizeti, harufu ile hunirudisha jikoni kwetu. Kaka yangu amekaa kwenye kigoda kabla ya mechi, na baba anamchua miguu kwa mafuta niliyoyapasha mimi.

"Kiungo huyu akigeuka na mpira, namwona yule fundi wetu wa zamani wa timu ya mkoa," baba alimwambia baba mdogo, aliyesimama mlangoni.

"Hapana, ndugu yangu," baba mdogo akabisha. "Yule alikuwa na nguvu tu. Huyu ana akili ya yule mfupi wa timu ya reli."

Roho iliniuma. Ule mgeuko nilimfundisha mimi, nyuma ya kihenge cha nafaka, kwa mpira wa matambara. Kaka alijua, lakini alitazama vidole vyake vya miguu.

"Na mimi je, baba?"

"Wewe ni mtoto wa kike. Angalia mafuta yasiungue."

Walipoondoka, nilijipaka mafuta yaliyobaki kwenye bakuli, kuanzia magotini hadi vifundoni, nikasugua kwa hasira. Kisha nikakaa kwenye kigoda kile, miguu inang'aa, nikisikiliza kelele za watu uwanjani wakimshangilia kaka.