Mkono na Mguu wa Upande Mmoja

Miaka michache baada ya uhuru, nikiwa darasa la tatu pale Kisumu, mkono wangu wa kulia na mguu wangu wa kulia vilishikamana kama mapacha. Kwenye gwaride vilikwenda mbele pamoja na kurudi pamoja. Nilitembea kama kabati linalohamishwa. Shule nzima ilicheka, na nina hakika hata viboko walitoa vichwa ziwani kuchungulia.

Sikukuu ya taifa ilikaribia. Wasichana ishirini wangepita mbele ya mji mzima wakiwa na soksi nyeupe, na soksi zile nilizitaka kuliko mbingu. Mwalimu wa gwaride akanipa mpaka Jumatatu.

"Ukirudi hivi hivi, wewe utachunga mabegi ya wenzako."

Nikaacha kula. Ilikuwa milo miwili tu, lakini kwangu ulikuwa mwaka wa njaa. Na kadiri nilivyohuzunika ndivyo nilivyojikwaa: kwenye kizingiti, kwenye ndoo, kwenye kuku, hata kwenye kivuli changu. Mama akaamua ni malaria. Alininywesha dawa chungu, kisha Ijumaa akanipeleka Ahero kwa nyanya, tuliyemwita Dani.

Dani hakuuliza habari ya malaria. Mafuriko yalikuwa yamembomolea ukuta wa jikoni, kama kawaida yake, na shangazi zangu wawili walikuwa shimoni wakiimba na kukanyaga udongo wa kukandika ukuta mpya.

"Ingia," akaniambia. "Mikono yako hatuna haja nayo. Kanyaga tu."

Nikaanguka mara elfu moja.

"Mama, mwache huyu!" shangazi mmoja akapiga kelele. "Sisi tunakanyaga kwa miguu, yeye anakanda kwa makalio. Kazi itaisha leo!"

Nilicheka mpaka udongo ukaniingia mdomoni. Jumapili, baada ya kanisa, tulirudi shimoni, na katikati ya wimbo nikaona mkono wa kulia unakwenda na mguu wa kushoto. Nani aliyeachanisha wale mapacha, mimi sijui. Sikuwapo; nilikuwa nacheka.

Jumatatu mwalimu alinikagua mara mbili, akajikuna kichwa, akanipa soksi.

Miaka mingi baadaye, katika shule ya jioni, mwalimu wa malezi alituchorea mishale ubaoni kuonyesha kwamba viungo vya mtoto hufuata moyo wake. Niliandika yote, nikapiga mstari kwa wino mwekundu, kana kwamba sijawahi kufika Ahero.

Basi, siku yenyewe ya gwaride nilipita nikichekelea. Mwalimu akaninong'oneza kwa hasira, "Funga meno! Hili ni gwaride, si harusi."

Nikafunga. Palepale mkono na mguu vikarudiana. Nikayafungua tena meno yote, pamoja na yale ambayo hayakuwa yameota, nikapita jukwaa zima salama na soksi zangu.