Rukia, Mimi na Shamba la Bi Mwajuma

Siku Rukia alipoonekana kwenye televisheni kwa mara ya kwanza, mwanangu, naikumbuka kuliko siku niliyoolewa. Tulijaa sebuleni kwa jirani yetu hapa mtaani kwetu Dunda, na mama yangu mzazi akapiga makofi. "Mtazameni mtoto wa Seif anavyosema! Hamwogopi mtu." Mimi nilikuwa nyuma yake na sahani ya pilau, nikaiweka chini kabla sijaimaliza.

Rukia alikuwa rafiki yangu tangu chuoni, tulipokuwa tukisomeshwa Kurani. Baba yake, wa zile koo zilizotoka Omani zamani, aliuza vitambaa mtaa wa pili. Tulipokuwa wasichana tulianzisha blogu pamoja, enzi ambazo watu walikuwa hawajui blogu ni mdudu gani. Jina nililibuni mimi. Kuweka picha nilimfundisha mimi. Unaona? Hadi leo nayataja haya kabla sijaulizwa.

Lakini yeye alikuwa na ulimi wa moto. Aliandika kwamba msichana aliyezaa arudi darasani akamalize masomo. Aliandika kwamba mjane apewe haki yake ya shamba na akae mbele kwenye mkutano wa kijiji, si nyuma kupika chai. Wengine wakamwita mwanamageuzi, wengine wakasema kaharibika. Gazeti moja la Dar likampa safu yake kila wiki, akahama. Mimi nikabaki na blogu yetu, nikiandika habari za maulidi na bei ya samaki, na wasomaji wangu ukitoa binamu zangu hawabaki wengi.

Kijicho, mwanangu, hakibishi hodi. Nilizisoma makala zake kama mtu anayechagua mchele wa jirani akiomba akute mawe. Nikipanda bodaboda, kijana ananiuliza, "Dada, wewe si rafiki yake Rukia? Nisalimie!" Namwitikia kwa meno tu. Nikifika nyumbani kichwa kinaniuma.

Basi ikatokea habari ya Bi Mwajuma. Huyu alikuwa mama mjane wa kijiji kimoja huko kaskazini, njia ya kwendea Saadani, mwenye shamba la minazi na mihogo aliloachiwa na marehemu mumewe. Alikuja mwekezaji, na wanakijiji wakaambiwa wamekwisha kubali kuondoka. Rukia alinipitia, tukaenda wote. Bi Mwajuma alitukaribisha kwenye jamvi, akasema kwa sauti ya taratibu, "Mimi sikukubali. Mkutano wenyewe sikuitwa. Walipita hapa wanaume wawili, wakaniambia nikubali nisikubali ni yale yale." Nilimsikia kwa masikio yangu.

Makala ilipotoka ikasomwa nchi nzima. Haikupita wiki, uvumi ukazagaa kwamba Rukia kamtunga yule mama, kwamba hakuna mjane wala shamba. Safu yake ikasimamishwa mpaka athibitishe. Na Bi Mwajuma mwenyewe, kwa hofu, akahamia kwa mwanawe, simu hapokei.

Ndipo akanijia Shebe, dalali wa mashamba aliyekuwa akimtafutia ardhi yule mwekezaji, mtu mwenye maneno laini. "Wewe ndiye mwanzilishi," akaniambia. "Huyu kakupora jina, kakuacha na vumbi. Andika tu kwamba unamjua tangu utotoni na kwamba kutunga watu ndiyo tabia yake. Tunafungua ukurasa mpya wa habari. Mhariri wake utakuwa wewe."

Nitakuambia ukweli. Nilifurahi. Hata kabla hajaondoka, sentensi ya kwanza nilikuwa nayo kichwani, na ilikuwa nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika.

Nikamkuta bibi yangu, Bi Mwanahawa, uani anachoma vitumbua. Nikamweleza, nikitumaini ataniambia Mungu kanifungulia mlango. Hakuniangalia. Akageuza kitumbua, akauliza, "Yule mama ulimsikia au hukumsikia?"

"Nilimsikia, bibi. Lakini Rukia..."

"Sikukuuliza Rukia. Rukia muonee wivu mpaka uzeeke, hilo ni lako na moyo wako. Mimi nakuuliza huyu Mwajuma. Yeye kakukosea nini hata umnyang'anye shamba?"

Katika hasira zangu zote, mwanangu, yule mama sikuwa nimemkumbuka hata mara moja. Nilidhani tuko wawili tu, mimi na Rukia.

"Haya, nenda," bibi akasema. "Na vitumbua vyangu usiviguse mpaka umalize."

Nikaenda duka la intaneti, nikaandika kwenye blogu yetu kwamba nilikuwepo, nilikaa kwenye jamvi lile, na maneno yale niliyasikia. Nikaweka na picha niliyopiga siku ile, Bi Mwajuma kasimama mbele ya minazi yake. Magazeti yakainukuu. Wapimaji wa ardhi waliompimia mwekezaji wakarudishwa kijijini kupima upya, safari hii wenye mashamba wakiwepo, na Bi Mwajuma akarudi kwake.

Unadhani nilisifiwa? Watu walisema, "Rukia mkweli, hata rafiki yake kashuhudia." Jina langu hawakulitaja. Rukia alinipigia simu akilia, akanishukuru sana, kisha akaniambia jina la kitongoji nimelikosea herufi. Wallahi, moyo ukawaka upya pale pale!

Leo mimi ni mtu mzima, vijana wananiamkia shikamoo, na Rukia angali anaandika. Bado nikiliona jina lake juu ya makala nzuri, kuna kitu kinaniuma hapa kifuani. Sikudanganyi kwamba kilikwisha.

Kwa hiyo nasaha yangu ni hii. Ukiona wivu umekuingia, usijione mwovu, na wala usijisumbue kujifanya huna. Ila kabla hujaandika neno au kulitamka juu ya unayemwonea wivu, jiulize neno hilo litamwangukia nani mwingine asiyekuwemo katika ugomvi wenu. Na ulichokisikia, sema umekisikia, hata kama sifa zitakwenda kwa mwenzako.

Mungu akujaalie ulimi wa kweli na moyo wa kuuvumilia ukweli huo. Akupe marafiki wanaokushinda, na akupe mtu nyumbani wa kukuuliza swali usilolitaka. Amin.