Waridi, Asumini na Mbuzi wa Loisi

Enzi za Mwingereza, Loisi alikuwa Mgogo muuza maziwa mjini Dodoma, na mmea usioliwa na mifugo hakuuhesabu kuwa mmea. Kiangazi kimoja maji yalipungua, na mteja wake Shantaben, mama yake Usha na mke wa muuza vitambaa, akamwomba ushauri: amwagilie waridi au asumini?

"Mama Usha, mimi nitajuaje? Tumwulize fundi." Akamfungua kamba mbuzi wake.

Mbuzi akanusa asumini, akapiga chafya, akaipa mgongo. Waridi akalifyeka lote, maua, majani na miiba.

Loisi akapiga vigelegele. "Umeona? Waridi limeshinda!"

"Limeshinda, ndiyo," Shantaben alifoka, mikono kiunoni. "Haya, nionyeshe liko wapi!"

Loisi akatazama kile kisiki, akamtazama mbuzi akicheua. Kicheko kikawabana wote wawili, wakakaa chini vumbini, machozi yakiwatoka.

Jioni Loisi alirudi kwake Chang'ombe, pembezoni mwa mji, na kishada cha asumini nyweleni, zawadi ya Shantaben. Alinukia kama bibi harusi, na njia nzima mbuzi wake alikataa katakata kumsogelea.