Karne Iliyopotea Kwenye Ukuta wa Stoo

Kwa miezi mitano nilimfundisha jirani yangu kwamba karne ya kumi na tisa ilianza mwaka elfu moja mia tisa. Sikumwambia kwa kusitasita, kama mtu anayebahatisha. Nilichukua kaa, nikachora mstari mrefu kwenye ukuta wa stoo yetu ya kahawa nyumbani, nikaukata vipande sawasawa, nikaandika karne juu na miaka chini, na kila kipande kilikuwa cha uongo. Hoja yangu ilikuwa nyepesi. Mwaka elfu moja mia tisa na kumi na nne unatamkwa kwa Kiingereza ukianza na kumi na tisa. Sasa ungekuwa wa karne gani tena?

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na kurudi nyumbani Githongo, na nyumbani nikakaa, nikaoa hapo hapo. Wenzangu walitawanyika, mmoja Mombasa, mwingine Eldoret. Mimi nikienda Kiirua, hapo karibu, nilihesabu kuwa nimesafiri, na nikirudi nilisimulia. Mama alizoea kusema kuku wake mweusi anajua dunia kunishinda. Lakini Historia nilikuwa nimepata C ya kuongeza, na daftari langu la fasili nililihifadhi ndani ya mfuko wa plastiki juu ya kabati, pamoja na cheti cha ubatizo.

Jirani huyu aliishi ng'ambo ya ua wetu. Mume wake na mimi ni wa rika moja, tulitahiriwa msimu mmoja, kwa hiyo utani kati yangu na mkewe ulikuwa halali na yeye aliutumia wote. Alitolewa shule kidato cha pili, akaolewa, akazaa wanne. Tangu mtoto wa mwisho aanze kutembea alikuwa akifundisha chekechea ya kanisa, na ukipita pale asubuhi ungesikia watoto wakiimba kwa sauti ya kuonyesha kwamba wanapenda kuwa pale. Kisha ikaja kamati mpya. Kamati ikasema kuanzia mwaka ujao, mwalimu asiye na cheti cha kidato cha nne atakabidhi chaki. Hawakutazama watoto wanaimbaje. Walitazama faili, na faili lake halikuwa na kitu.

Akajiandikisha mtihani kama mtahiniwa wa nje. Kila Jumamosi alipanda matatu kwenda Meru mjini, kwenye chumba cha kukodi kule Majengo, nyuma ya bucha, ambako watu wazima walisoma masomo yote kwa siku moja. Hesabu aliielewa. Biolojia alisema ni mambo ya zizini yakivalishwa tai. Historia ndiyo ilimtisha, kwa sababu ya maneno. Akaja uani kwetu na kitabu chini ya kwapa.

"Mwalimu," akaniita, na hiyo ndiyo mara ya kwanza mtu yeyote kuniita hivyo, "nasikia wewe ulisoma ulimwengu wote bila kutoka hapa."

"Nimeusoma wote," nikasema. Hapo ndipo ningepaswa kuumwa na nyuki ulimini.

Darasa letu lilikuwa kiwandani, pale wakulima wanapopeleka kahawa. Kabla ya kupima, kila mtu humwaga matunda yake juu ya gunia na kuyachagua, mabivu huku, mabichi na yenye ugonjwa kule. Mikono ina kazi lakini mdomo hauna, kwa hiyo mimi nilisoma fasili daftarini, yeye akachagua na kujibu. Mtihani ungekuwa wa Kiingereza, lakini sharti alilojiwekea lilikuwa kwamba neno haliendi kwenye karatasi mpaka kwanza liweze kusemwa na mtu aliyekalia gunia.

Nikamuuliza ukabaila ni nini.

"Ni mwenye ardhi kukupa kipande ulime," akasema. "Si chako. Unampa mavuno, unampa siku zako, na ukitaka kuoza binti unamwomba ruhusa yeye kwanza."

"Basi mama mkwe wangu ni kabaila," akasema mwanamke wa gunia la pili, na wanawake wote wakaacha kuchagua kwa muda.

Nikamuuliza tofauti ya uasi na mapinduzi. Daftari langu lilisema mapinduzi ni mabadiliko ya ghafla na ya kimsingi katika mfumo wa kisiasa, kiuchumi na kijamii, na niliipenda sana fasili hiyo kwa sababu ilikuwa ndefu.

"Uasi ni ng'ombe kuruka ua," akasema bila kuinua macho. "Mapinduzi ni uamke umkute ng'ombe ameketi mezani anakuuliza wewe unakula nini."

Nililifunga daftari. Nilijifanya naona jua limekuwa kali, lakini kusema kweli niliona haya. Miaka minne nilibeba fasili ile kama mtu anayebeba kiti kichwani, sikuwahi kufikiri kukikalia.

Ikawa hivyo kwa kila neno. Ule mwamko wa Ulaya, walipofufua elimu ya Wagiriki na Warumi, mimi niliujua kwa majina ya wachoraji. Yeye akauliza, "Mkahawa ukichoka tunafanyaje? Tunaukata, kinabaki kisiki, na kichipukizi kipya kinatoka kwenye mizizi ile ile ya zamani. Si ndiyo hiyo?" Ndiyo hiyo. Na mapinduzi ya viwanda, ambayo mimi niliyajibia mtihani kwa kuorodhesha mashine na waliozibuni, yeye aliyaona kwenye mashine ya kumenya kahawa iliyokuwa ikinguruma mbele yetu. Aliionyesha kwa kidevu.

"Hii haikuleta kasi tu," akasema. "Inatuambia saa ya kuja. Nyanya yangu alichoka alipochoka. Mimi nachoka ikizimwa."

Sijui kama kuna profesa aliyesema vizuri zaidi. Kama yupo, hakusema akiwa na kahawa ya kilo arobaini mbele yake na mtoto akimvuta leso.

Na huyu ndiye niliyempa ukuta wangu wa stoo. Maneno aliyapima mwenyewe, akayakataa yaliyolegea. Lakini karne alizipokea kama zilivyo, kwa kuniamini, akazinakili kwenye karatasi na kuzibandika juu ya meko yake.

Mwisho wa Julai walifanya mtihani wa majaribio. Nilijua siku ya majibu, na alasiri hiyo nilikuwa nimekaa mahali pa kuonekana kwa urahisi. Hakuja mlangoni. Nilimwona akipita moja kwa moja hadi stoo, akasimama mbele ya ukuta, karatasi mkononi.

"Mwalimu, hebu njoo huku."

Swali lilitaka mabadiliko ya kilimo Uingereza katika karne ya kumi na nane. Yeye alijaza ukurasa mzima kwa reli na meli za mvuke zilizobeba mazao. Swali jingine lilihusu Wazungu kugawana Afrika, naye akaandika kwamba waliigawana mwishoni mwa karne ya kumi na nane. Msahihishaji alichora mstari mwekundu mpaka karatasi ikatoboka.

"Nimewaleta wakoloni miaka mia mapema," akasema. "Ni kama hawakutukalia vya kutosha."

Ningeweza kuomba msamaha. Badala yake nilibishana. Nikasema huenda msahihishaji alikuwa na haraka. Nikamwuliza mwaka elfu moja mia tisa na kumi na nne unaanza na nini. Alichukua debe tupu la kuchumia kahawa, akaliweka miguuni pangu.

"Naingia shambani asubuhi. Nimejaza madebe mangapi?"

"Hakuna."

"Na hili ninalolijaza sasa hivi ni debe la ngapi?"

"La kwanza."

"Karani wa madebe akija kuuliza, ameandika nini?"

"Hajaandika kitu. Halijajaa."

"Basi likijaa ataandika moja, na mimi nitakuwa nachuma la pili. Akiwa ameandika kumi na nane, niko kwenye la ngapi?"

Nilitazama debe. Debe lilikuwa na kutu kwenye mdomo na halikuwa na huruma. Tangu nikiwa mtoto nimechuma kahawa kwa madebe, nimesimama mbele ya karani, nimesema "niko la tatu" wakati kitabu chake kinasema mbili, na sijawahi kubishana naye hata siku moja. Mtoto yeyote wa Githongo anajua debe unalolichuma huwa moja mbele ya debe lililoandikwa. Ni mimi tu niliyekwenda shule mpaka nikalisahau.

"La kumi na tisa," nikasema. "Basi na mwaka unaoanza na kumi na nane uko kwenye karne ya kumi na tisa."

"Asante. Na aliyenifundisha ni wewe."

Jioni nilimwambia mke wangu kwamba huenda ningeenda kukaa kwa shangazi Embu mpaka mtihani upite. Alikuwa akiponda viazi na mahindi ya mukimo, hakuacha.

"Wewe? Utafika Chogoria tu, nusu ya njia, urudi kuuliza kama ng'ombe amepewa maji."

Kwa hiyo sikwenda. Nilijaribu kufuta ukuta kwa kitambaa, kaa likasambaa, karne zote zikawa wingu moja. Ikabidi nipake chokaa ukuta mzima. Baba yangu, ambaye hakuwahi kusoma, alisimama nyuma yangu akauliza nafuta nini. Nilipomweleza, akasema wao miaka waliihesabu kwa rika, rika moja likitoka jingine linaingia, na hakuna mtu aliyewahi kuweka rika la baba yake mahali pa rika lake mwenyewe. Akaenda zake kufunga mbuzi.

Jirani alichora mstari mpya yeye mwenyewe. Juu ya kila karne alichora debe, na lile la mwisho hakulijaza mpaka juu. Agosti, Septemba, alijifunza upya kila tarehe kwa kuiondoa kwanza mahali nilipoiweka, kazi ya mara mbili, akiwa na watoto wa chekechea asubuhi na wake mwenyewe jioni. Hakunilaumu tena. Lawama ningezivumilia. Aliendelea kuja na kitabu, akaendelea kuniita mwalimu, na mimi nikawa msomaji wa maswali tu, mwenye adabu, nisiyeongeza neno langu.

Majibu yalipotoka, alipata cheti, na Historia alipata B, alama inayoishinda yangu. Kamati ikaweka karatasi kwenye faili, ikaridhika, na chaki ikabaki mkononi mwake.

Alikuja kutuambia mchana, na nilikuwa nimejiandaa. Nilinyoa. Nilitayarisha maneno machache ya unyenyekevu, kwamba mwalimu hufungua mlango tu na kuingia huingia mwanafunzi. Mke wangu alimpa chai. Akanywa nusu, akaniangalia juu ya kikombe.

"Swali la karne lilikuja," akasema. "Nikajiuliza wewe ungeandika nini, halafu nikaandika ile ingine."