Kutoka Kambove Kumtafutia Mado Kitanda

Saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi Mado aligonga ukuta unaotenganisha vyumba vyetu. Henia yake, ambayo kwa miaka mingi ilirudi ndani akilala chali, ilikuwa imekaza kama jiwe, naye alikuwa anatapika. Katika kitabu cha wauguzi nilichonunua sokoni nilikuwa nimesoma kwamba henia ya namna hiyo hupasuliwa siku ileile, la sivyo utumbo huoza. Ndiyo sababu tuliondoka Kambove kwenda Likasi.

Mado alikuwa mdogo wangu, mshonaji. Alizaliwa mvulana, yeye mwenyewe tangu utotoni alijijua mwanamke, na wanawake waliovaa nguo alizoshona walimwita Mama Mado bila kuuliza zaidi.

Saa moja na nusu nilikuwa nimeshamuuzia jirani cherehani ya Mado kwa zaire milioni tisa, pesa yetu ya wakati huo. Siku hizo mgonjwa alikwenda hospitali na vitu vyake vyote. Glavu, nyuzi za kushonea kidonda, serumu ya dripu na wembe nilikuwa nimeviweka akiba tangu mwaka uliotangulia. Mado alikaa nyuma ya baiskeli. Penye tambarare niliendesha, penye kilima nilisukuma.

Saa tano na nusu, Likasi. Muuguzi alimfunua kitenge, akatoka, akarudi na wenzake watatu.

“Papa, huyu tumulalishe wapi? Kwa bamama ao kwa babaume?”

“Penye kitanda.”

“Bamama batakimbia. Babaume batamucheka.”

Mado alisema bila kufumbua macho: “Dada, kuangalia hapana bure. Lipa kwanza.”

Mmoja alicheka, kisha akaona haya.

Saa saba daktari alifika, akasimama mlangoni. “Masomoni hawakutuonyesha mutu kama huyu.”

“Henia ni ileile, docteur.”

“Weye uko prof? Mupeleke kwa pasta, bamuombee. Akirudilia kuwa mwanaume, tutamupasua.”

Niliweka pesa kwenye meza ya muuguzi, karibu na mlango. Kwa miezi mingi wafanyakazi wa hospitali hawakuwa wamelipwa mshahara, na asubuhi hiyo nilikuwa nimeona kuku wa mgonjwa mwingine akipokelewa kama malipo. Pesa yangu daktari aliirudisha kwa ncha ya kalamu, akaondoka.

Hapo nilifanya jambo ninalolionea haya hadi leo. Nilivua shati langu nikampa Mado, nikamwambia tuseme ni mwanaume.

“Semeni munachotaka, yaya,” alisema, akiniita kama kaka mkubwa. “Minye nataka kuishi.”

Alivua hereni mwenyewe. Nilimshika mkono mpaka kwenye meza ya muuguzi, yeye katika shati langu, mimi kifua wazi.

Muuguzi hakuinua kichwa. “Tulishamuona, papa. Na docteur alishaenda kwake.”

Saa tisa tulianza kurudi. Nilimfunga kwangu kwa kitenge chake asianguke. Alilalamika juu ya mashimo ya barabara, kisha akaacha. Saa kumi na robo kichwa chake kilinilemea mgongoni, na pumzi yake sikuisikia tena. Sikusimama mara moja. Niliendesha mpaka kilima kiliponishusha.

Kabla ya siku hiyo niliamini kwamba hospitali zetu ziliuawa na ukosefu wa vitu. Nilipofika nyumbani nilifungua mfuko mbele ya mama yetu, nikapanga kila kitu mkekani. Glavu zilikuwa bado kwenye karatasi yake. Nyuzi na wembe havikuguswa, serumu ilikuwa imejaa. Pesa nilizihesabu mara mbili: zaire milioni tisa, kamili.