Mei Hatukuwa Mjini

Vuta kiti ukae, nikueleze namna ya kutafuta picha za zamani kwenye maktaba ya mtandaoni. Si jambo gumu, ukienda nalo taratibu utaliweza. Mimi mwenyewe nililielewa vizuri siku shangazi yangu alipokuja kutafuta uso wa mama yake, bibi yangu nisiyemwahi.

Nina chumba kidogo mtaa wa Viwanja Sitini, hapa Ifakara, nafundisha watu kompyuta. Shangazi alifika asubuhi. Nikamwamkia, akaitikia marahaba akiwa bado mlangoni. Sanduku lao la picha lilichukuliwa na mafuriko zamani, na sasa sura ya mama yake ilikuwa imeanza kumpotea.

“Sauti ninayo,” alisema. “Mikono ninayo. Uso ndio unanikimbia.”

Alikuwa amesikia kanisani kwamba picha walizopiga wageni waliopita bonde letu yeye akiwa mtoto zimewekwa mtandaoni. Nikamfungulia maktaba hiyo, nikamwonyesha. Hapa kuna ramani, unachora kisanduku juu ya mahali unapopataka. Chini yake kuna mstari wa miaka, unasogeza alama ya mwanzo na ya mwisho. Kila picha inajitokeza kama nukta pale ilipopigwa.

“Mlikuwa mnaishi wapi, shangazi?”

“Ifakara. Unaniuliza kama mgeni?”

Nikachora kisanduku juu ya mji, nikabana mstari kwenye miaka ya utoto wake. Tukapata kivuko, kanisa, soko, na mzungu mmoja ameegemea baiskeli.

“Huyo simtafuti. Mwondoe, anajipendekeza.”

Tulizipitia zote. Mama hakuwemo. Shangazi akaanza kufunga upya kitenge chake, nikajua anataka kuondoka. Ili nimcheleweshe kidogo, nikamsomea maelezo ya picha ya mwisho, ile ya soko: imepigwa Mei.

“Mei?” Akacheka. “Ndiyo maana soko tupu! Mei nani alikuwa mjini? Mpunga unaiva, ndege wanashambulia, sisi wote tuko shamba, ng'ambo ya mto. Tunakwenda na kuku na masufuria.”

“Si umesema mlikuwa mnaishi Ifakara?”

“Kwani kulala shamba ni kuhama? Kwetu ni kwetu tu, mwanangu.”

Mtu yeyote wa bonde hili angejibu hivyo hivyo, hata mimi. Lakini picha haijui kwenu ni wapi, inakaa pale ulipokuwa umesimama. Nikauvuta mshale hadi ng'ambo ya mto, nikachora kisanduku penye kijani kitupu, pasipo na jina la kijiji hata kimoja. Nukta zikatokea, nyingi kuliko za mjini.

Katika picha moja kulikuwa na mwanamke juu ya dungu, lile jukwaa la miti la kulindia shamba, anaamia ndege wasile mpunga, kombeo mkononi. Alikuwa ametupa kisogo.

Shangazi akasogea mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. “Huo mgongo naujua,” akanong'ona. “Geuka, mama.”

Nikamwambia asubiri. Mpiga picha akishafika shambani hapigi moja akaondoka. Nikabana mstari wa miaka mpaka ukabaki mwezi ule tu, nikazipanga picha kwa tarehe, nikafungua iliyofuata. Mwanamke yule yule alikuwa anashuka ngazi ya dungu, anamtazama mpiga picha, anacheka mdomo wazi.

“Mwanya!” Shangazi akapiga kofi la furaha. “Nimesahauje kwamba mama alikuwa na mwanya?”

“Si na wewe unao?”

“Wangu ulikuwepo. Sasa meno yenyewe yako wapi?” Akacheka huku machozi yanamtoka, akanikataza kuifunga ile picha.

Basi nawe ukikaa kutafuta watu wako, jiulize kwanza mwezi ule walikuwa wanalala wapi. Chora kisanduku hapo, hata kama ramani haina jina, bana mstari wa miaka kwenye mwezi huo, kisha fungua picha zote, moja baada ya nyingine.